Mifuko Ishirini Juu ya Paipu Moja

Matroni wa kituo cha afya hakumung'unya maneno. Aliukunjua mchoro wa mnara wa tangi la maji, akautandaza mezani, akamtazama mwanamke aliyeuchora, kisha akauliza, "Hii nguzo yako moja ikibebeshwa mzigo, inafika kilo ngapi kabla haijapinda?"

Mwanamke huyo, Cheche, aliuinamia mchoro wake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwa mwaka wa kumi na moja. Jina hilo la utani alilipata kwa zile cheche za mashine yake, na pia kwa maneno yake, maana nayo yalikuwa yakirukia watu. Alikwisha tengeneza mageti, vitanda, ngazi na mabodi ya malori. Wateja wote walimuuliza swali moja tu: itakuwa tayari lini? Kilo ngapi kabla ya kupinda, hilo hakuwahi kuulizwa, na kibaya zaidi, hata yeye hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," alisema.

Wajumbe wa kamati ya kituo walitazamana. Upande wa pili wa meza alikaa Mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake, fundi mwashi aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule. Naye alileta mpango wake: mnara wa nguzo nne za zege. Hakumchukia mpwa wake hata kidogo. Ndiye aliyemnunulia miwani yake ya kwanza ya kuchomelea. Ila katika kazi hakujua kupepesa macho. Aliwaambia wajumbe kwamba paipu ni chuma chenye tundu, na chenye tundu ndani ni debe tupu, na debe tupu kazi yake ni kutika tu, si kubeba maji. Akawakumbusha mnara wa sokoni ulioanguka mwaka uliopita. Nao ulikuwa wa paipu. Bahati ni kwamba siku ile soko lilikuwa limefungwa, tangi likaponda meza tupu za nyanya. Kama ni lazima chuma, akamalizia, basi iwe nondo, chuma kilichojaa.

Matroni aliwasikiliza wote wawili huku akigonga kalamu mezani. Wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya pili na maji ya bomba hayakuwa na nguvu ya kupanda huko. Kila siku wauguzi wake walipandisha ndoo kwa ngazi. Mnara wa zege ungechukua miezi mitatu, wa chuma wiki mbili. Aliutaka ule wa haraka, lakini hakuutaka uwaangukie wagonjwa.

"Nipeni jibu Ijumaa," alisema. "Nimeshasikia maneno. Nataka jibu."

Cheche alitoka pale uso ukimwaka. Hasira zilimfikisha hadi kona ya kwanza tu. Hapo alisimama kando ya nguzo ya taa ya barabarani, akaigonga kwa ufunguo. Ikalia kama kengele. Ilikuwa na tundu. Akavuka barabara, akagonga nguzo ya kibao cha kituo cha basi. Tundu. Akagonga goli la uwanja wa shule, miguu ya benchi la muuza magazeti, fremu ya baiskeli iliyoegeshwa, hadi mwenye baiskeli akamuuliza kama kuna anachodai. Kila kilichosimama mjini kilikuwa na tundu ndani. Hakuna aliyesimamisha taa kwa nondo. Kwa nini? Swali likamng'ang'ania kama mwiba wa mguuni, akaanza kutembea haraka, mwisho akawa anakimbia.

Nyumbani alimkuta Wifi. Huyu alikuwa dada mdogo wa mume wake, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliyehamia kwao tangu kaka yake alipopata kazi ya kuendesha malori ya masafa. Wawili hawa hawakuwahi kukubaliana jambo, hata mahali pa kuweka chumvi. Siku ile Cheche hakuvua hata viatu. Alimweleza yote, tangu swali la Matroni mpaka baiskeli ya watu.

Wifi aliweka chini kalamu nyekundu aliyokuwa akisahihishia madaftari. Hakucheka, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Alichukua rula ndefu ya plastiki, akaisimamisha wima mezani, akaikandamiza juu kwa kidole. Rula ikabetuka ubavuni kama upinde.

"Umeona? Haikupondeka," alisema. "Imekimbilia pembeni."

Kisha akaishika rula ileile kwa chini zaidi, ikabaki kipande kifupi tu kati ya vidole na meza. Akaikandamiza tena, mara hii kwa nguvu zote, mpaka kidole kikapauka. Haikusogea. Akaeleza kwamba nguzo nyembamba haishindwi kwa sababu chuma kimechoka. Inashindwa kwa sababu imepata nafasi ya kukimbia. Ikiwa ndefu, nafasi ni kubwa. Ukiukata urefu nusu, uwezo wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne.

Cheche alirudia kimoyomoyo: nusu, mara nne. Aliuliza kuhusu tundu. Wifi akachana karatasi mbili za daftari. Moja aliisokota kama utambi, nyingine akaiviringisha ikawa bomba pana kiasi cha kikombe, akaifunga uzi. Ule utambi haukuweza hata kusimama. Juu ya bomba akaweka daftari moja, la pili, la sita, la kumi. Karatasi ilikuwa ileile, uzito uleule. Chuma kilicho katikati ya nondo, alisema, kinakaa bure, kinakula tu. Kinachozuia kupinda ni kile kilicho mbali na katikati. Paipu imekitoa kile kivivu cha katikati na kukipeleka pembeni kikafanye kazi.

Cheche alizunguka meza mara mbili. Halafu alisimama ghafla. "Na kama sitaikata? Nikiishika tu katikati, kwa chuma cha kukingama?"

Wifi alifikiri kidogo. "Chuma hakijui kama umekikata au umekishika," alisema. "Kisipoweza kukimbia pale katikati, ni sawasawa na kuwa kifupi."

Cheche alichomoa mchoro wake mkobani. Nguzo nne, mita sita kila moja, zimefungwa chini, zimefungwa juu, na katikati hapana kitu. Aliuchora hivyo kwa kuwa ulipendeza macho, mwembamba kama miguu ya korongo. Wifi aliuinamia, akaandika tarakimu pembeni, akazifuta, akaziandika tena. Mwishoni alisema kwamba siku ya utulivu mnara ule ungesimama, lakini siku ya upepo wa nguvu hangetaka awe chini yake.

Bila shaka wa sokoni nao ulikuwa hivihivi, Cheche aliwaza. Kilichouangusha si tundu, ni urefu. Alishangaa kwamba hofu ile haikumvunja moyo, bali ilimchemsha damu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, alijua kwa nini.

Asubuhi yake alimpigia simu Mjomba, akamwalika karakana siku ya Alhamisi saa nane mchana, na akamwomba amwazime saruji, mifuko mingi kadiri awezavyo. Mjomba aliuliza ya nini. Alipoambiwa kwamba nondo na paipu zitashindanishwa mbele ya Matroni, alicheka sana, akasema ataleta mifuko ishirini na nondo ataichagua mwenyewe, wasije wakamletea iliyoliwa na kutu.

Jumatano nzima Cheche alijifunga kibwebwe. Alisimamisha fremu nzito katikati ya uwanja wa karakana. Ndani ya fremu, nguzo ya majaribio ya mita tatu ingesimama peke yake, na juu yake ingekaa boriti fupi yenye minyororo miwili. Minyororo ilishuka hadi karibu na ardhi, ikashika ubao mpana kama pembea. Hivyo mtu angepakia mzigo akiwa chini, na uzito wote ungepanda kwa minyororo ukakae kichwani mwa nguzo. Nguzo ikishindwa, ubao ungedondoka shubiri moja tu. Kichwa cha nguzo alikiwekea kizuizi, kiweze kushuka lakini kisiyumbe. Wifi alikuja baada ya vipindi, bado ana vumbi la chaki, akapima kila kitu kwa futi ya kamba na kumfanya Cheche akate upya chuma kimoja mara tatu. Wakagombana kwa furaha.

Alhamisi ilipofika, habari zilikuwa zimeenea. Seremala wa jirani alifunga duka lake. Fundi cherehani alikuja na futi yake shingoni. Matroni alikuja na sare yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Mjomba alifika na mkokoteni wa saruji, mifuko ishirini ya kilo hamsini hamsini, na nondo nene kama kidole gumba begani. Waliipima nondo na paipu kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu. Paipu ilikuwa ya mraba, upana wa inchi moja, na bati lake jembamba. Nondo ikaizidi kidogo. Mjomba akatabasamu.

Kila mtu aliandika makisio yake ukutani kwa chaki. Mjomba aliandika: nondo kumi, paipu mitatu. Wengi wakamfuata. Wifi aliandika wa mwisho, kwa mwandiko wake wa ubaoni: nondo, haifiki mmoja, paipu, mitano, paipu iliyoshikwa katikati, ishirini na miwili. Watu waliguna. Mjomba alimwambia kwa upole kwamba mwalimu akikosea hesabu hadharani wanafunzi watahama shule.

Wakaanza na nondo. Ilisimama wima ndani ya fremu, imejaa, nzuri. Boriti ikawekwa, minyororo na ubao vikaning'inizwa. Hapo tu, kabla ya mzigo wowote, Cheche aliona nondo ikivuta pumzi kidogo ubavuni. Mjomba mwenyewe alikumbatia mfuko wa kwanza, akaushusha ubaoni taratibu kama mtoto anayelazwa. Hakuwahi hata kuuachia. Nondo ilijipinda kama fimbo ya kuvulia samaki, ubao ukagusa ardhi, na Mjomba akabaki ameinama na mfuko wake mikononi.

Mjomba alisema lazima ilikuwa imepinda tangu mwanzo. Wakachukua nyingine katika lundo la Cheche, Mjomba akaikagua kwa jicho moja kama mtu anayelenga, akaridhika. Ikafanya vilevile.

Wakaweka paipu. Mfuko wa kwanza ukapanda, kimya. Wa pili. Fundi cherehani alianza kuhesabu kwa sauti na wengine wakamwitikia. Wa tatu, na makisio ya Mjomba yakafikiwa. Wa nne. Cheche alikuwa amepiga magoti, jicho lake usawa wa katikati ya paipu. Wa tano ulipotua, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika maisha yake ya chuma: paipu ikaondoka katika mstari kwa unene wa ukucha, ikatulia hapo, kama mtu anayefikiri. "Sita," watu wakaita, na mfuko wa sita ulipogusa tu ubao, paipu ikabetuka na mzigo wote ukashuka kwa kishindo cha vumbi la saruji.

Mitano. Watu waligeuka kwa pamoja kuutazama ukuta, kisha wakamgeukia Wifi, aliyejifanya anatafuta chaki.

Mjomba aliivua kofia yake, akaigeuza, akaivaa tena. Kisha akaisogelea paipu mpya ambayo Cheche alikuwa akiisimamisha, akamtazama akiishika katikati kwa vyuma vinne vifupi vilivyokwenda kwenye fremu, kimoja kila upande. Hakuichomelea hata tone moja. Aliibana tu isiweze kukimbia. Mjomba aliuliza kama hicho ndicho kitu pekee kilichobadilika. Cheche akamwambia ndicho, paipu ni ya aina ileile, ya urefu uleule, na zote zilinunuliwa siku moja.

Safari hii hakuna aliyeketi. Matroni alisimama, akakunja mikono ya sare. Mitano ikapita bila habari. Sita, ambapo mwenzake alianguka, ikapita. Kumi. Seremala na Mjomba walipokezana mifuko, mmoja kushoto, mmoja kulia, ili ubao usiinamie upande. Kumi na tano, na lundo likawafika kiunoni. Minyororo ilikaza ikatoa mlio mwembamba. Sauti ya kuhesabu ilikuwa imetoka uwanjani sasa, wapita njia walikuwa wamejipanga ukutani na wao wanahesabu bila kujua kinachohesabiwa. Kumi na nane. Kumi na tisa. Mjomba, mweupe kwa saruji kuanzia nyusi, aliweka wa ishirini, akarudi nyuma hatua tatu.

Paipu ilisimama. Tani nzima juu ya paipu ambayo mtu angeweza kuibeba kwa mkono mmoja, nayo imenyooka kama uzi wa timazi.

"Mifuko imekwisha," alisema seremala, kwa masikitiko ya kweli.

Mjomba alifuta jasho. Alimtazama mpwa wake, akaitazama paipu, halafu akafanya jambo lililosimuliwa mtaani kwa muda mrefu. Alivua viatu vyake, akashika mnyororo, akapanda ubaoni. Alikuwa na kilo tisini, mwenyewe alikiri baadaye. Chuma kililia kidogo, kikanyamaza. Mjomba akabaki pale, kati ya malundo mawili ya saruji yake, na uso wake taratibu ukafunguka kwa kicheko.

"Panda, mwalimu," alimwambia Wifi. "Tumalize hesabu yako."

Wifi aliitazama sketi yake ya kazi, akaitazama nguzo, akakabidhi chaki kwa Matroni. Alipoweka mguu mmoja, hakikutokea kitu. Alipoinua wa pili, Cheche aliyekuwa bado amepiga magoti aliona paipu ikienda, lakini si kama ile ya kwanza. Pale katikati iliposhikwa haikutikisika. Nusu ya juu ilikimbilia kulia, nusu ya chini ikakimbilia kushoto, ikajipinda mara mbili kama nyoka anayevuka njia. Ubao ukashuka shubiri yake moja. Mjomba na Wifi wakakutwa wamekumbatiana ndani ya wingu la saruji, wanakohoa na kucheka.

Kelele zilizopigwa pale zilimtoa mchoma mahindi wa barabara ya pili. Cheche hakupiga kelele. Alikuwa ameishika ile paipu iliyopinda kama nyoka kwa mikono miwili, anaicheka na machozi yanamtoka, anamwonyesha kila anayepita: tazama, hapa, hapa haikuweza.

Matroni alisubiri watu watulie. Ndipo Cheche alipojua kwamba sehemu ngumu bado. Alisimama, akajifuta magoti, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mchoro niliokuletea Jumatatu ulikuwa na kosa. Nguzo zilikuwa ndefu na sikuzishika popote. Ungeujenga ule, siku ya upepo ungeanguka. Huu hapa mwingine."

Mchoro mpya ulikuwa na nguzo zilezile nne, nene zaidi ya ile ya majaribio, zimeshikwa kila baada ya mita mbili, na vyuma vya mshazari kila upande ili upepo usizisukume. Matroni aliutazama kwa muda. Kisha akamgeukia Mjomba, akamuuliza kama fundi, si kama ndugu, anaonaje.

Mjomba alijikung'uta saruji. Alikiri kwamba kuhusu tundu alikosea, na alikosea kwa miaka thelathini. Lakini alisema mnara haukai juu ya hewa. Miguu ile minne ingehitaji msingi, na msingi wa zege kwa mtaa ule alikuwa anaujua mtu mmoja tu. Watu wakacheka. Ijumaa asubuhi kamati iliwapa kazi wote wawili pamoja.

Mnara ulisimama siku ya kumi na sita. Siku ya kujaza tangi, Mjomba aliteremsha timazi kwenye kila mguu, akachora alama ya penseli nyuma ya uzi. Maji yaliingia tangu asubuhi. Lita elfu moja, uzi uko juu ya alama. Elfu tatu, uko juu ya alama. Cheche alizunguka kutoka mguu hadi mguu na kiganja chake kwenye chuma, akiusikia uzito ukiingia kadiri maji yalivyopanda. Elfu tano. Mjomba alikagua nyuzi zote nne, akakunja timazi lake, akalitia mfukoni.

Fundi bomba alifungua koki kubwa. Kutoka dirisha la ghorofa ya pili wakasikia bomba likikohoa hewa, likapiga chafya, halafu mlio ukabadilika. Cheche alipanda ngazi mbili mbili. Wodini alimkuta muuguzi amesimama kwenye sinki, mikono yote miwili chini ya maji, hanawi wala hafui kitu, anayaacha tu yapite, huku mama mmoja kitandani akimwinua mwanawe wa siku moja ili naye asikie.